Nguzo za stenlesi na kamba za chuma kwenye baraza la ziwani: ngapi, unene gani?

MweloWaZiwa
Wakuu, salaam. Baraza la mbao lipo Luchelele, Mwanza, linatazama Ziwa Victoria. Mbele mita 6, ubavuni mita 3 kila upande, limeinuka mita 2 toka ardhini. Uzio uwe wa mita 1, nguzo za stenlesi, kamba za milimita 4. Muuzaji mmoja anasema karibu na maji lazima stenlesi ya daraja la 316. Mwingine ana za bei poa, anaweka sumaku, hainasi, anasema hiyo ndiyo daraja la 304. Nimwamini nani? Na mbona kamba za watu wengi hulegea?

Mchomeleaji_Nyakato
Mkuu, 316 imeongezwa molibdeni ili ihimili chumvi. Hayo ni mambo ya Dar na Tanga. Ziwa letu ni maji yasiyo na chumvi, 304 inatosha.

Sumaku haikuambii kitu. Hata daraja la 201 hainasi, na hiyo ndiyo ya bei poa: nikeli imepunguzwa, ikawekwa manganizi, madoa ya kutu huja mapema. Tena 304 halali ikishakunjwa hunasa kidogo. Dai cheti cha kiwandani, au tumia dawa ya matone ya kupimia manganizi.

Kutu nyingine huletwa na fundi mwenyewe. Diski ya grenda iliyokata nondo jana ikigusa stenlesi leo, chembe za chuma cheusi hubaki juu na kuota kutu. Nunua diski mpya. Achomelee kwa TIG (weldi ya umeme inayokingwa na gesi), gesi ya agoni, waya wa kujazia 308L, kisha apake asidi ya kusafishia weldi na kuisuuza vizuri.

Pima_Kwanza
Hela uliyookoa kwenye 316 ipeleke kwenye nguzo za mwisho, maana ndiko kamba zinakolegea. Piga hesabu: chini ya mkono wa juu (bomba la kushikia) unabaki na kama milimita 950. Kamba 11 zinakupa nafasi 12 za milimita 79 hivi. Usizidishe 80, kwa sababu mtoto akizisukuma hupanuka. Kila kamba ikivutwa kwa takriban kilo 90, nguzo ya mwisho inabeba karibu tani nzima. Ikipinda milimita chache tu, kamba zote zimelegea. Za katikati hazivutwi, zinashikilia nafasi tu.

Fanya mikondo mitatu inayojitegemea, mmoja mbele na mmoja kila ubavu. Mbele nguzo 6 kila mita 1.2, kila ubavu 4 kila mita 1, jumla 14. Sita za mwisho ziwe skwea paipu ya 50 kwa 50 unene milimita 3, nane za kati milimita 2. Kipande kimoja ni sentimita 94 juu ya bamba la kitako, kwa hiyo bomba moja la mita 6 linatoa sita: unahitaji bomba moja nene na mawili membamba. Kamba mita 132, nunua 140. Vikazio (skrubu za kuvutia kamba) 33, na ncha zisizokaza 33. Chagua kamba ya nyuzi 19 zilizosokotwa pamoja (1x19). Ile laini ya 7x7 (mafungu saba ya nyuzi saba) hurefuka zaidi.

MweloWaZiwa
Kona nguzo moja haitoshi?

Pima_Kwanza
Vikazio vya pande mbili vitagongana ndani ya bomba. Weka mbili, pengo kati yake lisifike milimita 100. Na mkono wa juu uchomelewe kwenye nguzo zote, ndio unaozizuia zisiinamiane.

Mbao_na_Chuma
Hapo juu hakuna aliyegusa mbao. Bamba la milimita 10 lenye bolti nne za M10 (kipenyo milimita 10) usilifunge kwenye mbao za sakafu peke yake, litang'oka. Jaza kipande kigumu kati ya boriti, bolti zipite mpaka chini, washa pana na nati.

Matundu: biti ya kobalti, mwendo wa polepole, mafuta, kandamiza bila kusita. Ukiibembeleza, stenlesi huzidi ugumu na biti inaungua. Nguzo za kati toboa milimita 5 au 6, uweke pete ya plastiki.

Kukaza anza kamba ya katikati, kisha moja juu moja chini hadi mwisho, halafu rudia mzunguko mzima, kwani za kwanza zitakuwa zimeshalegea. Rudia tena baada ya wiki chache. Paka grisi kwenye hesi za vikazio kwanza, stenlesi juu ya stenlesi ikikazwa kavu inang'ang'ania na hutaifungua bila msumeno.