Tupeane uzoefu: chuo cha utabibu chenye gharama ya kubebeka

Mjomba Ufuta (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyetangulia mbele za haki, kwa hiyo mzigo ni wangu. Kamaliza kidato cha nne: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiingereza D, Hesabu F. Anataka utabibu, ile diploma ya miaka mitatu, na hataki kusikia kitu kingine. Mimi nina bodaboda mbili na shamba la ufuta. Nikijibana napata kama milioni mbili kwa mwaka, kila kitu humo humo. Matangazo ya vyuo yamejaa kwenye simu na kila kimoja kinajiita nafuu. Mliosoma na mliosomesha, mlichaguaje? Nipeni yaliyowakuta.

Sindano Butu
Matokeo yanatosha. Wanataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, ndani yake Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza ni nyongeza. Akitokea mtu anasema ile F inahitaji "kusaidiwa" kwa laki tatu, mkimbie. Mimi hiyo laki tatu niliitoa. Tuishie hapo.

Tabibu wa Zamu
Mjomba, ngoja nikupe yangu yote.

Nilisoma chuo binafsi, jina nalihifadhi. Nilikichagua kwa ada tu: 1,300,000, wakati cha jirani kilikuwa 1,700,000. Nikajiona mjanja, nimeokoa laki nne. Fomu ya kujiunga ikaja. Ukurasa wa tatu: hosteli, bima ya NHIF 50,400, mtihani wa Wizara, sare, kitambulisho, stetoskopu, mashine ya presha, na "mchango wa ukarabati" ambao hadi leo sijui ulikarabati nini. Bado nikasema sawa.

Kilichonimaliza ni hospitali. Chuo hakikuwa nayo. Leveli ya nne, yaani mwaka wa kwanza, hulioni tatizo, muda mwingi mko darasani mnakariri mifupa. Leveli ya tano na sita ndipo mnapoingia wodini, na sisi tulipelekwa hospitali ya wilaya kilomita themanini kutoka chuoni. Chumba unapanga mwenyewe, chakula mwenyewe, nauli mwenyewe. Hosteli ya chuoni uliyolipia imebaki inalala na popo. Na huko hospitali tukakuta wanafunzi wa vyuo vingine viwili. Mgonjwa mmoja ana wengu limevimba, amezungukwa na makoti meupe kumi na tano, aliye nyuma anaona kisogo cha mwenzake. Kitabu cha mazoezi kinataka sahihi kwamba umezalisha, umeshona kidonda, umeweka dripu. Nimekesha leba usiku mzima nasubiri zamu yangu, mama anajifungua, anayeitwa ni wa chuo kingine.

Wale wa chuo cha jirani, ambacho mimi nilikiona ghali, walikuwa wanavuka uzio tu wako wodini. Nilipopiga hesabu mwishoni, nilikuwa nimetumia zaidi yao. Na bado sijaweka mwaka niliorudia, maana sapu, ule mtihani wa marudio, haikutoka. Mwaka wa kurudia ni ada nyingine na mshahara wa mwaka mzima usioupata.

Kwa hiyo ukiwapigia simu, anza na hili: vitendo wanafanyia wapi, na malazi ya huko analipa nani? Akianza kukwambia habari za mabasi ya chuo, kata simu.

Mama Zawadi
Nakazia ya Tabibu. Nimesomesha wawili. Wa kwanza alipata chuo cha serikali raundi ya pili, ya kwanza jina halikutoka. Vyuo kama Mafinga, Kibaha na Mtwara vinagombewa sana, kwa hiyo dirisha la maombi likifunguliwa omba siku hizo hizo, usisubiri ufuta uuzwe.

Wa pili alienda binafsi. Uliza ada inalipwa kwa awamu ngapi, na awamu ya mwisho ni kabla ya mtihani au baada. Mwanangu alitolewa kwenye chumba cha mtihani kwa deni la 180,000. Nikauza mbuzi wawili kwa bei ya kutupa, mnunuzi alijua nina haraka.

Na uliza kama hosteli inaruhusu kupika. Msicheke. Mtoto anayekula kantini mara mbili kwa siku, miezi kumi, miaka mitatu, piga hesabu mwenyewe. Wa kwanza nilikuwa namtumia unga na dagaa kwa basi.

Famasia Kona
Kabla ya yote ingia tovuti ya NACTVET, baraza linalosajili vyuo, uangalie kozi yenyewe, usiishie kwenye jina la chuo. Chuo kinaweza kuwa na usajili wa famasia na kisiwe na wa utabibu. Na mkopo wa diploma wa HESLB, bodi ya mikopo, upo tangu 2023/24, lakini kwa kozi zilizotajwa tu. Soma mwongozo wa mwaka wenu, tafuta jina la kozi yake. Usibebe habari za "afya wanapewa".

CO wa Kaunti
Hapa Kenya sisi tunapitia KUCCPS, wanaopanga wanafunzi vyuoni, kuingia KMTC, chuo cha utabibu cha serikali, na unahitaji wastani wa C kwa KCSE, mtihani wa kidato cha nne. HELB, bodi ya mikopo ya huku, walinipa mkopo, ulinisaidia sana. Kosa langu lilikuwa kuchagua kampasi ya mbali nikidhani ushindani ni mdogo. Kampasi haikuwa na nafasi ya hosteli, nikapanga bedsita, chumba kimoja, mjini. Mwenye nyumba akinisikia nasoma udaktari akapandisha kodi. Kampasi zimeenea kaunti nyingi, ningesoma nikitokea kwa shangazi.

Dada wa Baridi
Niko Minnesota. Nilikuja nikidhani diploma yangu ya utabibu itanipeleka moja kwa moja kwenye kazi ya PA, msaidizi wa daktari anayetibu wagonjwa. Haiendi. Huku ni shahada ya uzamili, wastani wa miezi 27, na mtihani wa leseni, PANCE, anaufanya aliyetoka programu yenye ithibati ya ARC-PA, chombo kinachokagua kozi hizo, tu. Nimeanza upya na digrii ya kwanza huku nafanya kazi ya CNA, muuguzi msaidizi, kwenye nyumba ya wazee, maana saa hizo zinahesabika ukiomba. Mikopo ya Grad PLUS, ya serikali kwa wanaosoma uzamili, imefungwa kwa wanaoanza kukopa kuanzia 1 Julai 2026, kwa hiyo naviangalia vyuo vikuu vya umma vinavyotoza wakazi wa jimbo bei ya chini. Mjomba, hii si ya mpwa wako. Ni ya wale wanaoniandikia inboksi.

Mjomba Ufuta
Aisee. Leo nimepiga simu vyuo vinne. Viwili vimenitajia mabasi. Kimoja simu haikupokelewa. Cha nne, cha misheni, mama mmoja akaniambia hospitali iko ng'ambo ya barabara, ada awamu nne, jiko la mkaa marufuku ila la gesi ruksa.

Mama Zawadi, mtungi mdogo wa gesi unakaa wiki ngapi kwa mtu mmoja?