Goti limevimba baada ya judo, senpai anataka kunikanda shiatsu. Nikubali?

Kijana wa Mbagala: Wakuu, habari za saa hizi. Niko Osaka kimasomo, nacheza judo kwenye klabu ya chuo. Juzi jamaa alinipiga osotogari, ule mtupo wa kufyeka mguu kwa nyuma, mguu ukabaki mkekani, mwili ukageuka. Goti likalia "tak!" Usiku huohuo likavimba, na nikishuka ngazi linakosa nguvu ghafla.

Kuna senpai wetu, yaani mwanafunzi aliyetutangulia, ambaye baada ya mazoezi hutufanyia shiatsu, hutubinya kwa dole gumba mabegani, mgongoni na kwenye vigimbi. Siwafichi, ukiinuka pale unajisikia mwepesi. Sasa anasema Ijumaa atanishughulikia goti, eti kuna pointi vidole vinne chini ya pia ya goti, upande wa nje. Na jirani na bweni kuna vibao vya shiatsu, seikotsuin na seitai. Niende wapi?

Jino la Mamba: Hospitali, mkuu. Kubinyana waachie wazima.

Fizio_Moro: Pole sana. Goti likilia, likavimba ndani ya saa chache, halafu likakosa nguvu, tunahofia ligamenti ya mbele (ukano unaofunga mifupa ya goti) au meniskasi (gegedu ya ndani ya goti). Uvimbe wa haraka hivyo mara nyingi ni damu iliyoingia ndani ya goti, na hakuna dole gumba linalounga ligamenti iliyokatika. Mwambie senpai goti hapana. Weka barafu iliyofungwa kitambaa, inua mguu, mkekani usikanyage. Hospitalini ulizia seikei-geka, idara ya mifupa na viungo. Na kigimbi kikianza kuvimba na kuwa cha moto, asikiminye mtu yeyote, huenda damu imeganda humo. Wahi daktari.

Mama_Saitama: Mdogo wangu, vibao vya huku vinachanganya. Mtu wa shiatsu mwenye leseni amesoma miaka 3 na kufaulu mtihani wa taifa. Wa seikotsuin ni mwingine, judo seifukushi, anayetibu majeraha ya viungo na mifupa kwa mikono, naye ana leseni ya taifa. Bima inamhusu kwenye jeraha jipya: kuteguka, msuli kuvutika, kupigwa. Mfupa ukivunjika atakupa huduma ya kwanza tu, kuendelea nao mpaka daktari aridhie. Mabega yaliyokaza kwa uchovu unalipa mwenyewe. Seitai, ya kunyoosha mwili kwa mikono, haina leseni ya taifa, yeyote anafungua. Wapo wenye mkono mzuri, sikatai, ila siyo kwa goti hilo.

Obi Nyeusi: Msimtishe kijana akaichukia shiatsu. Kwa Wajapani kupigana na kutibu vilikaa nyumba moja. Kano Jigoro, kabla hajaanzisha judo mwaka 1882, alisaka mwalimu wa jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani, kupitia waunga mifupa, maana wengi wao walikuwa wapiganaji. Mwalimu aliyempata, Fukuda Hachinosuke, mwenyewe alikuwa muunga mifupa. Shiatsu kama tunavyoijua ni ya juzijuzi, Namikoshi Tokujiro alifungua chuo chake Tokyo mwaka 1940. Senpai hajakosea kwa kukanda, amekosea kuchagua jeraha bichi.

Fizio_Moro: Hapo tuko pamoja. Ila zile njia za nishati ambazo watu wa shiatsu husema zinapita mwilini, sijawahi kuziona kwenye mwili wowote tuliopasua chuoni. Misuli kulegea nakubali.

Obi Nyeusi: Nani kakwambia uzione? Lete mgongo 😂

Kijana wa Mbagala: Nimewasoma. Kesho asubuhi seikei-geka. Je, mabega na mgongo aendelee? Na mimi nikitaka kumbinya mwenzangu nafanyaje?

Obi Nyeusi: Mabega na mgongo sawa, kama havikuumia. Mwenzako alale kifudifudi mkekani na nguo zake, mafuta hayatumiki. Nyoosha mkono, weka tumbo la dole gumba, siyo ncha, pembeni ya uti wa mgongo, kamwe siyo juu ya mfupa. Akitoa pumzi mwegemee kwa uzito wa mwili, hesabu 3 hadi 5, achia taratibu. Ukitumia nguvu za kidole utaumia wewe. Akikaza mwili au kushika pumzi, umezidisha. Shingo kwa mbele usiguse, pale ndipo ilipo mishipa tunayoibana tukikaba.

Mama_Saitama: Na kesho usisahau uthibitisho wa bima. Ukiwa nao unalipa asilimia 30, usipouonyesha wanaweza kukutoza yote.