Nyambizi ina sona, sasa periskopu ya nini tena?

Mpanda Pantoni: Wakuu habari za jioni, naomba mnieleweshe. Leo kwenye pantoni la Kigamboni tumebishana na jamaa yangu, yeye anasema nyambizi inaona kila kitu kwa sona kama vile tivii, nikamuuliza sasa kama ni hivyo lile bomba la kuchungulia juu la kazi gani, hajanijibu ila hajakubali pia. Nani anajua?

Mvuvi Kunduchi: Sona haioni mkuu, inasikia. Sisi kwenye boti tuna fishfinda, hiyo ni mdogo wake sona. Inapiga mlio kwenda chini, ukigonga mwamba au samaki mwangwi unarudi, mashine inahesabu muda. Sauti kwenye maji ya bahari inakimbia kama mita 1500 kwa sekunde, hewani ni 340 hivi. Kwahiyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.04 ujue chini ni mita 30, maana mlio umeenda na kurudi. Na samaki wengi kinachorudisha mlio zaidi ni kile kifuko cha hewa tumboni, sio nyama.

Bahari Kuu: Mvuvi kamaliza kwenye fishfinda. Ila nyambizi ya vita haipigi mlio ovyo, ukipiga kila mtu anajua ulipo, ni kama kuwasha tochi gizani unamtafuta mwizi. Muda mwingi inakaa kimya inasikiliza tu, injini za watu, mapanga ya meli yanayozunguka majini kuisukuma. Na hapo napo kuna shida, maji ya juu ya moto ya chini baridi, sauti ikifika pale yanapokutana inapinda, meli inaweza kuwa karibu usiisikie vizuri.

Ndo maana kabla ya kuibuka lazima uchungulie. Periskopu ya zamani ni bomba lenye prizma (vipande vya kioo vya kupinda mwanga) na lenzi, siku hizi nyambizi kama zile za aina ya Virginia za Marekani zina mlingoti wa kamera, picha inakuja kwenye skrini. Mwaka 2001 karibu na Hawaii nyambizi Greeneville iliibuka kwa kasi ikaipasua Ehime Maru, meli ya Wajapani ya kufundishia uvuvi, wakafa watu 9, wanne wanafunzi wa sekondari. Sona ilishaisikia ile meli, periskopu wakaizungusha harakaharaka hawakuiona. Mpaka leo naumia nikiwaza wale watoto.

Mpanda Pantoni: Daah inauma kweli. Sasa wakuu, dau la tanga halina injini, hilo sona italisikiaje?

Mvuvi Kunduchi: Kwa kusikiliza tu ni ngumu sana, labda maji yanavyopiga ubao, na bahari ikichafuka hata hiyo inamezwa na mawimbi. Hapo ni macho tu, na mlingoti wa dau usiku bila taa hauonekani. Ndugu zangu mnaotoka usiku washeni taa.

Mpanda Pantoni: Nimeelewa, asanteni sana. Kesho namtumia jamaa hii yote aisome.