Tupeane uzoefu: wazo la ubunifu unalitoaje kabla halijapoa? (Mwanza na kando ya ziwa)

Kirumba_Juu: Mwangaluka wadau. Nyimbo, mashairi na vifaa vingi vinafia kwenye daftari vikisubiri "vikamilike". Tupeane njia: unaanzaje, unamwonyesha nani, panaharibika wapi? Maelezo kamili tafadhali, maana "jiamini tu" haimsaidii mtu.

Kiitikio_Igoma: Wimbo usisubiri studio. Rekodi sekunde 60 kwa simu: ubeti mmoja na kiitikio, mdundo upige kwa vidole mezani. Chumba chenye godoro na nguo zilizotundikwa kinafaa, kuta tupu zinaleta mwangwi. Simu iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo, la sivyo kila "p" inapuliza maiki. Rekodi alfajiri, mchana upepo wa ziwa ukiingia dirishani unameza maneno. Usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp, unabana sauti. Tumia kinasa sauti cha simu, kisha tuma faili kama dokumenti.

Halafu tazameni ngoma za Wagika na Wagalu, makundi mawili hasimu ya wachezaji wa Kisukuma, kwa mfano kwenye sherehe ya Bulabo pale Bujora. Yanacheza wakati mmoja, na watazamaji wanakohamia ndiko kwenye ushindi. Mtunzi anapata jibu palepale.

Mizani_Nane: Kwenye ushairi usiulize "ni zuri?" Utaambiwa zuri sana na kilema kitabaki. Uliza jambo moja: mizani, yaani hesabu ya silabi, imekaa? Mfano: "Upepo wa alasiri, wavuma pale Mwaloni", nane kwa nane. Ukiandika "unavuma pale Mwaloni" kipande cha pili kimekuwa tisa. Mwandishi haoni, kwa sababu anakivuta haraka akisoma. Mpe mwenzako asome kwa sauti huku akigonga meza kila silabi, naye atakwama hapohapo.

Chanja_za_Dagaa: Mwenye wazo la kifaa atengeneze kipande, asingoje mtaji wa kifaa kizima. Ukitaka chanja ya kuanikia dagaa ya aina mpya, anza na mita 1 kwa mita 1, kimo cha kiunoni ili hewa ipite chini. Pigilia papi za kushikilia wavu kila sentimita 50. Ukiziacha, wavu unalegea, dagaa wanarundikana katikati na wa chini wanaoza. Wape kinamama wanaoanika waitumie siku nzima bila wewe kuelekeza. Pale watakapoweka jiwe au kufunga kamba, ndipo ulipokosea.

Kirumba_Juu: Ahsanteni. Na anayeogopa kuibiwa wazo?

Haki_za_Mtunzi: Hofu hiyo inafungia wengi, ndugu yangu, na inatokana na kuchanganya mambo mawili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo tupu, inalinda kazi yenyewe: maneno, muziki, mchoro. Haki inaanza kazi inapotungwa, usajili si sharti, ingawa kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia ushahidi. Kwa hiyo mtunzi anayeficha wazo kichwani ndiye asiye na ulinzi. Aandike, arekodi, atunze faili lenye tarehe, ndipo asambaze.

Kifaa ni tofauti. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, inadai uvumbuzi uwe mpya, na ukiuonyesha hadharani kabla ya maombi unaweza kupoteza sifa hiyo. Anayeitaka aanzie BRELA, wakala wa usajili, ndipo apeleke kipande chake kwa waanikaji wa soko la Mwaloni. Kama ni papi na wavu tu, apeleke kesho asubuhi.