Naomba ushauri: mazungumzo ya maktaba kuhusu chimbuko la Les Wanyika

Hamjambo wenzangu. Nimealikwa kuzungumza kwenye maktaba ya Kaloleni kuhusu kitabu ninachoandika, kinachoeleza jinsi bendi ya Les Wanyika ilivyozaliwa hapa Nairobi mwaka 1978, wanamuziki kadhaa walipojitoa bendi ya Simba Wanyika. Nina muda wa saa moja tu.

Shida yangu ni pa kuanzia. Ndugu Wilson na George Kinyonga, waanzilishi wa Simba Wanyika, walitoka Tanga, wakapita Arusha, ndipo wakaingia Kenya mwaka 1971. Nikianzia Tanga, saa itaisha kabla sijafika Nairobi. Nikianzia Nairobi, nitakuwa nimewanyima haki Watanzania waliotuletea sauti ile, na hilo siliwezi. Halafu wazee wa Eastlands watakuwepo, watu waliocheza muziki huo ukumbini hadi alfajiri. Hao nataka wazungumze kuliko mimi, lakini mzee akishika kipaza sauti, utamwambiaje muda umekwisha bila kumkosea adabu?

Tena nataka watu wasikie gitaa. Kwenye "Sina Makosa", wimbo wa Les Wanyika, lile la Omar Shabani linajirudia taratibu huku besi ya Tom Malanga ikitembea chini yake. Hakuna maneno yangu yatakayoeleza hilo. Je, kupiga vipande vifupi vya nyimbo maktabani, bila kiingilio, kunahitaji leseni ya muziki? Aliyewahi kuandaa shughuli kama hii anieleze alianzia ofisi gani, na kama maktaba ndiyo iliyolipa au yeye mwenyewe.