Mafundi wa nembo hapa Tanga mjini, tumechoka kulipia picha zisizochapika

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Ninasaga na kufungasha viungo vinavyoshuka kutoka milima ya Amani, yaani iliki, pilipili manga na mdalasini. Mtu mmoja mwenye ofisi ya usanifu na uchapaji huku Ngamiani, ambaye simtaji jina, alinitoza fedha nzuri ili anitengenezee nembo ya biashara. Alichonikabidhi ni picha moja ya JPG kwa njia ya WhatsApp, ndani yake mna mlima, jua linalochomoza, jani la mdalasini, kinu na mchi wake, jina la biashara kwa herufi za dhahabu zenye kivuli, na chini kabisa mstari wa maneno ambao hata mimi mwenye mali siusomi mpaka niikuze picha.

Kwenye simu ilipendeza, nakiri. Mchonga mihuri alipoiona alicheka, kwa kuwa muhuri hutumia wino wa rangi moja na mlima ule wote ungegeuka doa. Fundi wa kudarizi fulana naye akakataa, akisema uzi hauwezi kufuata rangi inayofifia kidogo kidogo kutoka njano hadi nyekundu. Kwenye bango ndiko kulikokuwa na aibu kubwa zaidi: picha ya namna ile imejengwa kwa pikseli, yaani nukta ndogo za rangi, zenye idadi maalumu, hivyo ilipokuzwa kingo zote zikawa ngazi ngazi, ilhali faili la vekta huhifadhi mistari na mikunjo kwa hesabu na lingeweza kutandazwa ukuta mzima wa ghala la bandarini bila kupoteza kitu. Na ile kijani iliyokuwa iking'aa kwenye kioo cha simu ilitoka kwenye mifuko imefifia kama mlenda uliolala, maana kioo hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, nayo mashine ya uchapaji huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Anayejiita mbunifu anapaswa kuyajua haya kabla ya kupokea senti ya mtu.

Nilirudi kudai faili la vekta. Nikajibiwa kwamba hilo ni mali ya ofisi na lina malipo yake! Baadaye nikaona mlima uleule na jua lilelile kwenye lebo ya mafuta ya nazi ya mfanyabiashara mwingine, nikaelewa kuwa kumbe ilikuwa violezo vya bure vya mtandaoni vilivyobadilishwa jina tu.

Hapa ndipo hasara inapokuwa ya kisheria. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986 inataka alama iweze kutofautisha bidhaa zako na za wengine. Ukisajili BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, unapata ulinzi wa miaka 7 ya kwanza, kisha unahuisha kwa miaka 10. Mchoro ambao yeyote anaweza kuuchukua utamtofautisha nani na nani? Canva wenyewe, mtandao wa usanifu wenye violezo vya namna hiyo, wanaeleza katika masharti yao kwamba michoro yao iliyo tayari kwa kila mtu haitumiki kusajili alama ya biashara, jambo ambalo mteja haambiwi kamwe.

Najua wapo watakaosema kuwa wateja wa hapa hulipa kidogo na hutaka kila kitu kiingizwe ndani ya nembo. Wapo kweli wa namna hiyo, lakini mimi sikuulizwa hata swali moja: mnunuzi wangu ni nani, bidhaa inakaa wapi dukani, nembo itachapwa juu ya nini. Kuhusu bei, mwaka 1971 Carolyn Davidson, akiwa mwanafunzi wa usanifu huko Portland, Marekani, alilipwa dola 35 kwa alama ya Nike (miaka ya baadaye kampuni ilimpa hisa, na alistahili). Alama ile ni mkunjo mmoja tu, haihitaji rangi wala kivuli, na mtoto anaweza kuichora ukutani kwa mkaa ikatambulika. Malipo madogo hayakumfanya aweke mlima na jua.

Kwa hiyo nauliza waziwazi. Kama yupo mbunifu hapa Tanga, awe Chumbageni, Makorora au popote, anayechora mwenyewe, anayeonyesha nembo kwanza kwa rangi nyeusi tupu na katika ukubwa wa kifuniko cha kopo, na anayekabidhi faili la vekta pamoja na namba za rangi za uchapaji bila malipo ya ziada, aandike hapa chini na aweke kazi zake tuzione. Na wewe wa Ngamiani, ambaye najua unasoma jukwaa hili, nirudishie fedha zangu, kwa sababu mifuko iliyokwisha kuchapwa siwezi kuipeleka sokoni.