Gitaa kavu la spurusi, la mwerezi au la mahogani: lipi linamfaa mpigaji wa vidole?

Mwenyenyuzi (Tanga)
Wakuu, salaam. Baada ya miaka sita ya kupiga gitaa la plaiwudi tupu, nimejipanga kununua gitaa kavu la maana, nami nimebakiwa na matatu. La kwanza lina uso (ubao wa mbele) wa spurusi ya Sitka, mti wa jamii ya misonobari, ya ubao mzima, ila mgongo na mbavu ni plaiwudi iliyovikwa roziwudi juujuu. La pili ni mahogani ya ubao mzima pande zote, na bei yake imezidi kwa laki tatu. La tatu limetumika: uso ni mwerezi mwekundu, mgongo ni mahogani. Nyumbani napiga kwa vidole, na Jumapili nasindikiza kwaya ya watu ishirini bila spika. Muuzaji anaisifia mno roziwudi ya mgongoni. Je, ni kweli sauti inatoka huko?

Fundi Daraja
Ndugu, anza na uso. Nyuzi za chuma zikishakazwa huvuta daraja, yaani kipande kinachozishikilia usoni, kwa nguvu inayokaribia kilo 70, na ubao unaopaswa kuhimili mvuto huo huku ukitetemeka kwa urahisi una unene wa milimita tatu hivi. Ndiyo maana spurusi imetawala: ni nyepesi lakini haipindi ovyo, kwa hiyo hata ukichapa chodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu mlio hauvurugiki. Mwerezi ni laini zaidi. Ukiugusa kwa ncha ya kidole tu unaitika, na sauti yake ni nene na tulivu, ila ukiulazimisha unafika mwisho wake mapema. Nyumbani utakufurahisha; kwaya itaumeza.

Kuhusu mgongo, sisi mafundi husema roziwudi hutoa besi nzito na mvumo mrefu, na mahogani hutoa noti kavu iliyo wazi.

Sikio Shahidi
Kwenye mgongo naomba kumpinga fundi kwa heshima. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio la magitaa sita ya muundo mmoja, yaliyotofautiana mbao za mgongo na mbavu tu, kuanzia roziwudi ya Brazili yenye bei ya kutisha hadi mahogani na sapele. Wapigaji 52 waliyajaribu katika mwanga hafifu wakiwa wamevaa miwani ya kuchomelea vyuma, na alama walizotoa zilikaribiana mno. Hata mwaka 1862, Antonio de Torres wa Hispania aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, kuonyesha kwamba kazi kubwa inafanywa na uso.

Dada Chodi (Dodoma)
Mmesahau hali ya hewa. Nilihamia Dodoma mwezi wa Juni na gitaa langu la ubao mzima kutoka Dar es Salaam, nikalitundika ukutani bila boksi. Kufikia Septemba ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanza chini ya daraja, na ncha za freti (vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo) zilikuwa zimechomoza pembeni mwa shingo hadi zikawa zinanikwaruza kiganja, kwa sababu mbao ilikauka ikanywea lakini chuma hakikunywea. Tanga mna shida ya kinyume: ubao hunywa unyevu, uso huvimba na nyuzi hupanda juu. Watengenezaji wengi hupendekeza unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na pwani huwa juu ya hapo. Plaiwudi ya mgongoni haisumbuliwi sana na hayo.

Kijana wa Kilwa
Samahani wakuu, na mpingo wetu je?

Fundi Daraja
Mpingo ni wa jenasi moja na roziwudi, nao huunda klarineti bora kabisa. Wapo mafundi wanaoutumia kwa migongo ya magitaa, lakini ni mzito hata unazama majini, na mti wenyewe ni mdogo, umepindapinda. Kupata ubao mpana usio na ufa ni kazi. Dada Chodi, nakubali. Ndugu Sikio, nawe nakubali, ingawa magitaa ya dukani hayatoki kwenye mkono mmoja kama yale ya jaribio.

Mwenyenyuzi (Tanga)
Nimerudi kutoa taarifa. Nilimwomba rafiki ayapige yote matatu huku nikiwa nimegeukia ukuta. La mwerezi nililitambua mara moja, na kwa wimbo wa taratibu lilikuwa tamu kuliko mengine. Alipochapa kwa nguvu likafifia. Kati ya mahogani na spurusi nilikosea mara mbili katika nne, kwa hiyo nikaona laki tatu zibaki mfukoni, nikachukua spurusi. Tatizo ni kwamba kwenye freti ya 12 uzi mnene umeinuka milimita nne juu ya chuma. Nisage mfupa wa daraja, kile kipande ambacho nyuzi hukalia, ili zishuke?

Fundi Daraja
Bado. Laza rula juu ya uso, nyuma ya daraja. Ikiyumba kama pembea, uso umevimba kwa unyevu. Likae kwenye boksi wiki mbili pamoja na vifuko vya kukausha, kisha pima upya na uangalie kama shingo imepinda. Mfupa tutausaga mwishoni, kidogo kidogo, ikibidi.